Koti la Mzee Kondo

Mzee Kondo alikufa huku anacheka, na hilo liliwatisha Waselgoru kuliko damu yenyewe.

Ilikuwa sokoni, chini kabisa ya shimo lile ambalo Waselgoru wamechimba mji wao ndani yake, ngazi kwa ngazi, kuukimbia upepo wa barafu unaopita juu. Kondo alikuwa amesimama na Bi Kalunde mbele ya meza ya samaki wa moshi, wote wawili wamevaa makoti mazito ya kijivu waliyovishwa mpakani kama kila mgeni. Akampiga muuza samaki kofi la mgongoni. Kofi la salamu tu, la kumwambia kijana wa watu kwamba samaki wake wananukia vizuri. Pale stesheni ya Tabora kofi kama hilo lingejibiwa kwa tusi moja la kupendeza na kuombwa sigara.

Muuza samaki aliitwa Tevrik, kijana mrefu mwenye macho ya mtu asiyepata usingizi. Aliweka kisu chini. Akainua mkono, na mkono wa koti lake ukamrudishia Kondo kofi lile lile, uzito ule ule, mahali pale pale. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu, akaendelea kupasua samaki.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake. Lakini Kondo alikuwa Mzaramo, na Mzaramo akisikia ngoma, hata ya msibani kwa jirani asiyempenda, bega litatikisika tu.

"Kalunde," alisema, "nimepata mtani huku. Wewe mpagazi sasa utakosa kazi."

Akampiga Tevrik tena, kwa nguvu kidogo. Akarudishiwa. Akapiga tena, anacheka mpaka meno ya bandia yanacheza mdomoni. Watu waliokuwa wakinunua walianza kurudi nyuma, viganja vimebanwa kwapani. Tevrik alibadilika rangi. Akasema neno, na kidude cha kutafsiri, ambacho wenyeji na wageni wote walivaa sikioni, kikalitoa kwa Bi Kalunde kwa sauti tamu kama ya mtangazaji wa redio.

"Usinipige tena, baba. Nakuomba."

"Baba yako mimi? Basi mama yako hakuniambia," alisema Kondo, akapiga.

Mikono yote miwili ya koti la kijana ilifumuka. Halikuwa kofi moja. Ilikuwa mvua. Mashavuni, mgongoni, matakoni, kwenye viganja, kwenye mapaja, mfululizo, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na Tevrik mwenyewe anapiga kelele kama mtu anayeburuzwa na mikono yake. Bi Kalunde alisikia mbavu za Kondo zikikatika kwa mlio wa kuni kavu. Taya lilihama upande. Mzee alirushwa juu ya meza, akaipindua, akaanguka katikati ya samaki, na damu ikamtoka puani na masikioni kwa pamoja. Kicheko kilikuwa hakijamtoka usoni. Kikagandia pale pale.

Bi Kalunde alipiga magoti ndani ya maji ya samaki.

"Kondo," alisema. "Kondo, acha mchezo. Watu wanatutazama."

*

Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwenye treni ya Reli ya Kati tangu nywele zao zikiwa nyeusi, yeye mpishi wa behewa la chakula na Kondo gadi. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuambiana neno moja la heshima. Kalunde ni Mnyamwezi wa Urambo, Kondo Mzaramo wa Maneromango, na mtani huwezi kumwamkia kama unavyomwamkia mkwe. Alikuwa akimpelekea chakula na kumwambia, kula, labda leo kitakuua. Naye alikuwa akila na kumwambia, nimekula vyakula vya Wanyamwezi miaka yote sijafa, sembuse hiki chenye chumvi. Walipostaafu, chama chao cha wastaafu kikapewa nafasi za kutembea nchi za watu kwa treni mpya ipitayo chini ya bahari. Wengine waliogopa maji. Hawa wawili wakapanda, kila mmoja akisema anamsindikiza mwenzake asije akapotea.

Selgoru iliwashangaza kwa adabu. Watu walikula wamesimama, migongo ukutani. Kwenye ngazi zilizojaa watu hakuna aliyemgusa mwenzake hata kwa kiwiko. Mtu akienda kwa mtu, alisimama mlangoni na kuonyesha viganja vyote viwili kabla hajakaribishwa. Kondo alisema nchi nzima inaishi kama watu waliobeba mayai mfukoni. Imsa, mwanamke mwenye nyumba ya wageni waliyofikia, aliwaonyesha uzi mwembamba mwekundu kifuani mwa koti lake. "Hapa nilisukumwa na shangazi," alisema, kama anavyoonyesha mtu picha ya harusi. "Bado sijamrudishia." Wakacheka. Hawakuuliza zaidi. Mgeni huwa anauliza choo kiko wapi na bei ya mkate, mengine anadhani atayaona.

Siku ya maziko mwili uliwekwa kwenye ua mkubwa wa mawe, kando ya kaburi lililokwisha kuchongwa. Koti lilitandazwa juu ya kifua cha marehemu. Kifuani kwake nyuzi nyekundu zilikuwa zimejaa mpaka kijivu hakionekani. Na wale watu, wote waliokuja, waligeuka wakampa maiti mgongo. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesema neno. Tevrik alisimama peke yake mwisho wa ua.

Bi Kalunde alitazama migongo ile. Moyo ukamuuma kuliko ulivyomuuma sokoni. Kwao Mzaramo akifa, Wanyamwezi hufika wamechafuka makusudi. Huiba masufuria ya matanga, huingia kaburini na kukataa kutoka, huvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, mpaka mjane mwenyewe anacheka huku kamasi zinamtoka. Mtu asiyefanyiwa hivyo amezikwa kama mzigo uliookotwa njiani. Na hapa Mnyamwezi alikuwa mmoja tu.

Basi akaenda. Alilichukua koti kifuani kwa Kondo akalivaa juu ya lake. Akatoa tumbo mbele, akaweka mikono nyuma, akatembea ule mwendo wa Kondo wa bata aliyekula sana.

"Tiketi," alisema kwa sauti nene ya puani. "Tiketi jamani. Wewe mama wa Kinyamwezi, tiketi yako iko wapi, au na leo umepanda kama gunia? Fungua huo mfuko wa michembe, viazi vyenu vikavu, tuukague."

Alisubiri kicheko. Migongo iligeuka. Waselgoru walimtazama kidogo, kisha wakafunika macho, mmoja mmoja, kama watu wanaoona mtoto kasimama juu ya reli. Mwisho wa ua Tevrik alipiga magoti na kuanza kufungua vifungo vya shingoni.

Halafu vifungo vya koti la Kondo vikajifunga vyenyewe, kuanzia chini kupanda juu, na Bi Kalunde akasikia sindano ikimwingia kisogoni.

*

"Umefanya nini, mgeni?" aliuliza Imsa. Alikuwa jikoni kwake anakata koti mwilini mwa Bi Kalunde kwa kisu cha nyama. Kisu kilipita, nyuzi zikaachana, kisha zikatafutana na kushikana tena kama wadudu.

"Nimemuaga mtani wangu."

"Umevaa koti la mtu aliyeuawa."

"Nimeona. Linabana matiti."

Imsa alitupa kisu kwenye beseni akakaa chini, jambo ambalo Mselgoru hafanyi mbele ya mgeni. Akaeleza, na kidude kikatafsiri kwa sauti yake ile ile tamu isiyojua msiba.

Kila uzi wa koti uko hai. Ukipigwa, uzi ulioko hapo unalinywa pigo, uzito wake na upande lilikotoka, na mkono wa aliyelitoa. Pigo likikaa kwenye koti linawaka jekundu. Ukitaka, mkono wa koti lako utalirudisha kwa mwenyewe, sawasawa, na likishafika uzi unazima na maneno yamekwisha. Hawana polisi. Hawana jela. Na mtu akifa kwa kipigo, koti linawekwa kifuani pake hadi anapofukiwa. Asipotokea wa kulivaa linafukiwa naye, na aliyeua anaishi.

"Ndiyo maana tuligeuza migongo," alisema Imsa. "Ili asiwepo hata mmoja wa kulitamani. Tulikuwa tunamsaidia yule kijana. Tulikuwa tunakusaidia na wewe."

"Sasa si mngesema."

"Tungesemaje? Nani angefikiri kuna mtu duniani atavaa nguo za marehemu ili watu wacheke?"

Bi Kalunde alilivuta koti kifuani, likakataa kulegea.

"Na nisipompiga huyo Tevrik?"

"Koti likishavaliwa, maiti haiwezi kufukiwa likiwa bado limejaa. Na lazima ifukiwe leo, kabla taa za shimo hazijageuzwa za jioni. Ukifika wakati huo hujalitoa pigo nje, litatoka ndani. Kwako."

"Lililomuua Kondo?"

"Lote."

"Na nikimpiga?"

"Atakufa yeye. Ameshaoga." Imsa alisikiliza. "Huyo hapo mlangoni. Amekuletea chakula. Ndiyo desturi."

Tevrik aliingia na viganja vimefunguliwa, sahani juu yake. Alikuwa amevaa shati jeupe, nywele zimechanwa vizuri. Alipiga magoti akaweka sahani ya samaki mbele ya mwanamke atakayemuua.

"Kula kwanza, bibi," alisema. "Mkono wa mwenye njaa unatetemeka, na hapo ndipo mtu anapoteseka."

"Mwanangu, nani aliyekufundisha kuongea hivyo?"

"Nyumbani."

Bi Kalunde hakugusa samaki. Hasira aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kijana huyu ilikuwa bado ipo, nzito tumboni kama ugali wa jana, lakini haikupata pa kushika.

"Rafiki yangu alikupiga makofi matatu manne ya mgongoni. Umemrudishia kifo. Ndiyo sawasawa yenu hiyo?"

"Sikutaka kumpiga, bibi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kunipiga huku anacheka tangu…" Aliacha. "Nyuzi za koti la utotoni hazitupwi. Zinafumwa ndani ya koti la ukubwani. Kuna mambo yalikuwa yamekaa humo. Yalitoka yote kwa pamoja, kwa mtu asiyekuwa mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la kufa."

Hapo koti likaanza kujikumbusha. Imsa alisema ndivyo linavyofanya likikaribia kutoka, mapigo huamka mojamoja. Bi Kalunde alisikia kofi shavuni, si la kuumiza, kama kivuli cha kofi. Kisha fimbo nyuma ya mapaja. Kisha rula kwenye vidole. Kisha kofi tena, na tena, na kisha teke. Alikaa wima kwenye kiti. Aliyajua haya. Yeye mwenyewe alichapwa na mama mdogo kwa kosa la kupumua, na mwili hausahau ukubwa wa vitu. Fimbo anayopigwa mtu mzima hutafuta mgongo. Hii ilikuwa inainama. Ilikuwa inamtafuta mtu mfupi.

"Haya ni mapigo ya mtoto," alisema.

Tevrik alitazama sakafu.

"Huyu aliyekupiga, mkono wake hauna kidole cha mwisho. Nalisikia pengo lake shavuni. Ni nani?"

"Pigo la mzazi halihesabiwi, bibi. Kwetu ni malezi." Kijana alisogeza sahani karibu zaidi. "Kula, inapoa."

*

Walipofika kwenye ua, kulikuwa na shauri jingine dogo linamalizwa. Mwanamume mwenye kitambaa kwenye jicho alikuwa amesimama mbele ya shemeji yake. Mkono wa koti ulipiga mara moja. Ulisikika mlio mdogo wa kitu laini kilichopasuka, shemeji akaanguka akijishika uso, damu ikapita katikati ya vidole. Yule wa kwanza akachutama, akakitoa kitambaa chake mwenyewe akamfunga mwenzake, wakaondoka wameshikana mikono wasikosee ngazi. Watu wakaitikia kwa kichwa, kama wanaosikia hesabu imekuja sawa.

Msimamizi wa ua alikuwa mzee aitwaye Haldo, amenyooka kama nguzo, ndevu nyeupe zimekatwa kwa ustadi. Ngazi ilikuwa na utelezi. Alimpa Bi Kalunde mkono ampandishe, na Bi Kalunde akaushika kabla hajautazama. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Mikono ya koti la Kondo ilisisimka. Nyuzi zote zikasimama kuelekea kwa yule mzee, kama mbwa aliyesikia hatua za bwana wake.

Tevrik alikuwa amekwisha kupiga magoti katikati, shingo wazi. Kondo alikuwa amelazwa pembeni ya kaburi, taya limefungwa kwa kitambaa, na bado ana sura ya mtu anayesikiliza mzaha.

"Mgeni," alisema Haldo, na sauti yake ilijaza ua. "Toa ulichopewa. Usizidishe, usipunguze."

"Mzee wangu, samahani. Huyu kijana ni nani wako?"

"Ni mwanangu."

"Na utasimama hapo umtazame?"

"Nimesimamia ua huu tangu yeye hajazaliwa. Sheria haina jamaa."

"Basi vizuri," alisema Bi Kalunde. "Kama haina jamaa, sogea hapa."

Alimpiga kofi. Lilikuwa dogo kuliko yote yaliyokuwa ndani ya koti, na lilipofika shavuni kwa mzee lilitoa mlio wa kofi la kumpiga mtoto aliyemwaga maziwa. Ua mzima ulivuta pumzi. Wote walitazama kifua cha Haldo, wakingoja uzi uwake mwekundu. Haukuwaka. Kwenye koti la Kondo uzi mmoja ulizima ukawa wa kijivu.

Hakuna Mselgoru aliyehitaji kuelezwa. Pigo lilikuwa limefika kwao, kwa mkono uliolitoa kwanza.

"Mapigo ya mzazi hayahesabiwi," alisema Haldo. Hakupandisha sauti, lakini rangi ilimtoka.

"Hayahesabiwi na nani? Koti limeyaweka yote. Ninyi ndio mliojifanya vipofu."

"Mimi nilipigwa na baba yangu zaidi ya hivyo. Sikufa."

"Hukufa, kweli. Amekufa mtu mwingine. Amekufa mzee wa watu wa Maneromango aliyekuja kutembea."

Akampiga fimbo ya mgongo. Haldo hakurudi nyuma, na hapo ndipo Bi Kalunde alipomheshimu kidogo, na kumpiga tena. Wazee wawili watatu walisogea, mmoja akasema ni mwiko kutoa pigo vipande vipande, ni kumdhalilisha mtu. Bi Kalunde alimjibu bila kugeuka kwamba sheria imekataza kuzidisha na kupunguza, kugawa hajasikia. Akaendelea. Rula kwenye vidole, na kidole kimoja kikapinda kinyume. Kofi, kofi, teke la paja. Pua ilivunjika, ndevu nyeupe zikawa nyekundu. Haldo alienda chini goti moja, kisha yote mawili. Fimbo zikamfuata huko huko chini, kwa kuwa huko ndiko zilikozoea.

Na mkono wa Bi Kalunde ulianza kuona utamu.

Aliusikia ukipanda kutoka kiwikoni, joto zuri, kama mtu aliyepata mdundo wa kutwanga. Hili la Kondo, alijisemea. Na hili la Kondo. Lakini hayakuwa ya Kondo, na alijua. Alipiga mdomo. Alipiga mdomo tena. Alikuwa ameinua mkono kwa mara nyingine wakati mzee yule aliyejaza ua kwa sauti yake alipojikunja, akafunika kichwa kwa viwiko, na sauti nyembamba ikamtoka, si ya mzee.

"Basi, baba. Basi. Sirudii tena."

Kidude cha sikioni kiliyasema kwa utamu wake ule ule. Mkono wa Bi Kalunde ukabaki hewani.

Hakuwa anamwambia Tevrik, wala yeye. Alikuwa anamwambia mtu aliyekwisha oza zamani. Bi Kalunde alimtazama pale chini, akaona bado nyuzi nyingi nyekundu kifuani mwake mwenyewe. Zikiingia zote kwa mzee huyu hatasimama tena, na mapigo ya utotoni mwa Tevrik yatakuwa yameua mtu wa pili. Juu, kwenye ukingo wa shimo, taa za kwanza zilianza kugeuka rangi ya chungwa.

"Bibi," alisema Tevrik. Alikuwa amesimama, analia waziwazi, jambo la aibu kwao. "Basi. Muache."

"Yamebaki."

"Najua. Nipe mimi. Mimi ndiye niliyemuua mzee wako. Yaliyobaki ni yangu." Akapiga magoti tena mbele yake na kufungua shingo.

Ilikuwa kazi nyepesi. Alikuwa ameomba mwenyewe, amefungua kola mwenyewe. Angepigwa yaliyobaki, labda asife, labda afe, na Bi Kalunde angepanda treni yake akiwa mzima na maneno ya kuwaambia wanawe. Aliitazama ile shingo. Ilikuwa na kovu dogo chini ya sikio, la zamani, la upana wa rula.

"Inuka," alisema.

"Bibi, yatakuingia wewe."

"Inuka nimesema. Haya wewe ulishayala ukiwa mtoto. Hapana mtu anayelishwa kipigo kimoja mara mbili mimi nikiwa mpishi. Mshike baba yako, anavuja."

Akaenda kukaa chini karibu na kichwa cha Kondo, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke anayechambua mchicha, akaegemea jiwe la kaburi. Taa ziligeuka.

La kwanza lilimpiga shavuni, akaona nyota. La pili likamkata mgongo. Halafu yakaja kama yalivyokuja sokoni, na hakuna kitu duniani kinachofanana na kupigwa na nguo uliyoivaa mwenyewe, huna pa kukimbilia. Alisikia ubavu ukikatika. Akasikia na wa pili. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimechambua mchele wa abiria wa nchi nzima, viliumuka kama maandazi. Akafungua mdomo kupiga yowe na yaliyotoka yakawa matusi.

"Umeona, Kondo. Umeona ulivyoniponza, kichwa kama dafu." Fimbo. "Nilikwambia ukae nyumbani ucheze mdundiko wako." Kofi. "Nchi za watu hazitaki kiherehere." Teke, na pumzi ikamtoka, akaitafuta, akaipata. "Mzaramo mkubwa wewe. Umekufa umemwachia mwanamke mzigo, halafu mwasema sisi ndio wapagazi."

Alikuwa anatema damu na anaendelea. Imsa alikuwa amefunika macho, kisha akatoa mikono, akatazama. Halafu mtu mmoja katika umati alitoa mlio. Haukuwa kilio. Alijaribu kuumeza ukamtoka puani. Mwingine naye. Waselgoru walicheka kwa aibu kubwa, machozi yanawatiririka, wameshika midomo kwa viganja ambavyo hawakuzoea kuvitoa kwapani, na kila Bi Kalunde alipopigwa na kumtukana maiti, walicheka na kulia zaidi. Tevrik, na kichwa cha baba yake kikiwa mapajani, alikuwa anatikisika mabega.

Nyuzi zilizima. Pigo la mwisho kabisa lilikuwa fimbo ndogo kwenye vifundo vya miguu. Kisha vifungo vikaachia kuanzia juu kushuka, sindano ikatoka kisogoni, na koti likafunguka likiwa la kijivu tupu.

Bi Kalunde alibaki amekaa. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alichunguza kinywa chake kwa ulimi, pole pole, kama anayekagua nyumba baada ya wezi. Kisha akalivua koti, akamfunika nalo Kondo mpaka kidevuni, akalivuta hapa na pale likae sawa.

Haldo alikuwa amefungua macho. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, kiganja juu, vidole vinne, kama kitu alichookota.

"Nipeni mkono, wanangu," Bi Kalunde aliwaambia Imsa na Tevrik. Maneno yalipita kwa shida kwenye midomo iliyovimba. "Taratibu. Mgongoni msiguse. Tumfukie huyu Mzaramo upesi, kabla hajaona sura yangu ilivyokuwa akapata la kusema."